Aliyeshika kijiko hakuja kwenye semina

Tangu matokeo ya Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022 yatangazwe, Mkoa wa Iringa umebeba sifa ambayo hakuna mkoa unaoitamani: asilimia 56.9 ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Njombe inafuata kwa asilimia 50.4 na Rukwa kwa asilimia 49.8, ilhali wastani wa taifa ni asilimia 30. Kinachowachanganya watu ni kwamba hii ndiyo mikoa inayotulisha. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini yanapanda malori kwenda Dar es Salaam na kuvuka mipaka, viazi mviringo vya Njombe vinajaza masoko, maharage yapo, maziwa yapo, parachichi zinasafirishwa hadi Ulaya. Katika mkanganyiko huo imezaliwa kauli inayorudiwa karibu kila kikao cha lishe: chakula kipo, wananchi hawana elimu. Kauli hiyo ina nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayotupotezea miaka.

Hoja yangu ni hii. Kumlisha mtoto kuanzia miezi sita hadi atimize miaka miwili ni kazi inayofanywa zaidi ya mara 2,000, mara nyingi mikono ikiwa na shughuli nyingine na akili ikiwa shambani. Kazi ya namna hiyo huendeshwa na mazoea, na mazoea hayana tabia ya kusikiliza mada. Tukiendelea kuyashughulikia kwa mada, tutawapata akina mama wanaotaja makundi yote ya chakula bila kukosea huku watoto wao wakinywa uji uleule wa jana. Kinachotakiwa kubadilishwa ni saa, mahali, chombo na mtu anayelisha. Maneno yanakuja baadaye, na ni machache.

Tuanze na historia fupi. Desemba 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mikataba ya lishe, na halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Utafiti wa Kitaifa wa Lishe wa 2018 uliikuta Njombe ikiwa na asilimia 53.6 ya udumavu, Rukwa 47.9 na Iringa 47.1. Miaka minne baadaye Iringa ilikuwa imepanda kwa karibu pointi kumi, Rukwa ikapanda kidogo na Njombe ikashuka kidogo. Si vizuri kuzibana takwimu hizi kupita kiasi, kwa sababu sampuli ya mkoa mmoja ni ndogo na pointi mbili tatu zinaweza kuwa bahati ya sampuli tu. Lakini hata msomaji mkarimu kabisa hawezi kuuona ushindi hapo, na miaka hiyo haikuwa ya ukame wa elimu. Mabango yalibandikwa, Siku za Afya na Lishe za Kijiji zilifanyika kila robo mwaka, mada zilitolewa kliniki.

Kwa nini mtu ajue jambo asilitende? Jibu la haraka ni uzembe, na ni jibu baya. Katika maabara ya Ann Graybiel kwenye chuo cha MIT, Marekani, panya walifundishwa kukimbia kwenye njia yenye umbo la herufi T kutafuta chokoleti. Siku za mwanzo, seli za viini vilivyo chini ya gamba la ubongo zilifanya kazi muda wote wa safari. Njia ilipozoeleka, zilichachamaa mwanzoni na mwishoni tu, katikati zikatulia. Ubongo ulikuwa umeufunga mfululizo mzima kama kitendo kimoja, kinachoanzishwa na ishara na kumalizwa na tunzo. Kwa binadamu, mwanasaikolojia Wendy Wood aliwahi kuwaomba wanafunzi waandike kila saa walichokuwa wakikifanya, akakuta karibu asilimia 43 ya matendo yao yalirudiwa karibu kila siku, mahali palepale, mara nyingi wakiwaza mambo mengine. Ishara ndiyo inayofungua mlango: saa fulani, mahali fulani, mtu fulani, kitendo kilichotangulia. Nia haiulizwi.

Mfano mzuri zaidi ninaoujua unahusu bisi. Mwaka 2011 David Neal, Wood na wenzao waliwapa watu waliokuwa sinema bisi za siku hiyo au bisi zilizokaa wiki nzima. Waliozoea kula bisi sinema walikula zile zilizochacha sawa na zile mpya, ingawa walikiri kwamba hazikuwa tamu. Watu wa mazoea hayohayo walipopewa bisi katika chumba cha mkutano, zilizochacha walizila kidogo kuliko mpya. Walipoambiwa wale kwa mkono wasioutumia siku zote, ikawa hivyohivyo. Maarifa yao kuhusu ladha hayakubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni mahali na mkono.

Hapa ndipo nusu ya kweli ya hoja ya elimu inapoonekana, na tuipe haki yake. Mwaka 1998 Judith Ouellette na Wood walikusanya tafiti nyingi kuhusu nia na matendo, wakaona mgawanyiko ulio wazi. Kwa mambo yanayofanywa mara moja au mbili kwa mwaka, nia ya mtu inatabiri vizuri atakachofanya. Kwa mambo yanayofanywa kila siku mahali palepale, kinachotabiri ni mazoea ya nyuma. Ndiyo maana elimu imefanya vizuri kwenye chanjo: mama akielewa na akiikumbuka tarehe, anabeba mtoto anakwenda, imekwisha. Serikali ikachukulia kwamba chombo kilichofaa kwa chanjo kitafaa kwa bakuli la uji. Hakikufaa, na hakuna la kumshangaza anayejua tofauti hiyo.

Sasa tuingie nyumbani, Kilolo, Mufindi au Wanging'ombe, mwezi Desemba. Mvua imeshika, mahindi yanataka palizi. Mama anaamka kabla ya alfajiri, anawasha moto, anapika uji au chai, anaondoka na jembe. Kama mtoto hayuko mgongoni, amebaki na bibi au na dada yake wa miaka tisa. Uji umeachwa kwenye chupa ya chai, na ili uweze kumiminika ukaachwa mwepesi. Mama anarudi alasiri na kuni kichwani, na chakula cha pili cha maana kinapikwa jua likizama: ugali na mboga kwa nyumba nzima. Mtoto wa miezi kumi anamegewa kwenye sahani ya wakubwa, kama hajasinzia. Angalia ishara ziko wapi. Moto wa asubuhi ni ishara ya chai ya wakubwa. Kurudi shambani ni ishara ya kukoka moto wa ugali. Mlo wa mtoto hauna ishara yake mwenyewe, umening'inia kwenye milo ya watu wazima, nayo ni miwili. Na zile saa zipatazo nane za mchana kutwa, ambazo mlo wa pili na wa tatu ungetakiwa kuwamo, zinashikwa na mtu ambaye hakuna aliyemwalika kwenye semina.

Jambo hili la mwisho linapuuzwa kuliko yote. Mazoea hukaa ndani ya yule anayetenda. Mama anaweza kuhudhuria mafunzo mazuri kwelikweli, akarudi na nia ya dhati, lakini kama kijiko cha saa saba mchana kinashikwa na bibi, mazoea yanayomlisha mtoto ni ya bibi, yaliyojengwa miaka 40 iliyopita kwa watoto wengine. Kumwomba mama amweleze mama mkwe wake kwamba uji wake ni mwepesi mno ni kumpa kazi ambayo maafisa wenyewe wangeikwepa. Katika nyumba zetu mkwe hamfundishi mkwe. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayefika saa saba mchana, akaketi na bibi jikoni, akamwamkia vizuri na kupika naye sufuria moja, amefanya kazi kubwa kuliko mada ya saa mbili iliyotolewa kwa akina mama 60 chini ya mti.

Twende kwenye hesabu ya uji wenyewe, kwa sababu ni hesabu inayoonyesha zoea dogo linavyozaa tatizo kubwa. Mtoto anayenyonya vizuri anahitaji kutoka kwenye chakula cha nyongeza karibu kilokalori 200 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, 300 akiwa na miezi 9 hadi 11, na 550 kuanzia mwaka mmoja hadi miwili. Tumbo lake linabeba karibu mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mtoto wa kilo nane hawezi kuzidi kikombe cha mililita 240 kwa mkao mmoja. Uji mwepesi wa kunywa una unga usiozidi sehemu moja kwa kumi: vijiko vya chakula viwili na nusu vya unga katika kikombe cha mililita 200, sawa na kilokalori 70 hivi. Vikombe viwili kwa siku ni 140. Mtoto ameshiba, tumbo limejaa, halii, na bado amekosa karibu theluthi moja ya alichohitaji akiwa na miezi saba. Akifika mwaka na nusu kwa uji huohuo, anakosa zaidi ya nusu. Kutolia kwake ndiko kunakolilinda zoea: mlezi anapata tunzo yake, utulivu, na ubongo unaandika kwamba kazi imekwenda sawa. Madhara yanakuja baada ya miezi, kwa milimita ambazo hakuna jicho linaloziona. Zoea lolote lenye tunzo ya papo hapo na gharama ya mbali ni gumu kuling'oa, awe ni mtoto na uji au mtu mzima na ulanzi, pombe ya mianzi.

Uji ukiongezwa unga hadi sehemu mbili kwa kumi, yaani vijiko vitano vilivyosawazishwa kwa kikombe kilekile, unatoa kilokalori 140. Kijiko cha chakula cha karanga zilizosagwa hadi zikatoa mafuta kinaongeza karibu 95, kijiko cha chai cha mafuta 45, robo ya parachichi la wastani karibu 60. Tatizo ni kwamba uji wenye unga mwingi hivyo unaganda, mtoto wa miezi saba anautema, na mlezi anarudi kwenye mwepesi siku hiyohiyo. Dawa yake ipo na watu wa huku wanaijua kwa kazi nyingine: kimea. Ulezi unaoshwa, unalowekwa usiku kucha, maji yanamwagwa, unafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu hadi uchipue, unaanikwa kwenye jua kali, mizizi inapukuswa, unasagwa. Uji mzito ukishaiva unaepuliwa, unaachwa uache kutokota kwa dakika chache, kisha kijiko kimoja cha chai cha kimea kinakorogwa kwa kila kikombe. Ndani ya dakika kumi hivi uji unalainika bila kuongezwa maji, unarudishwa motoni uchemke kidogo, na uko tayari. Wanaokosea hukosea mahali pawili. Wanatia kimea uji ukiwa unatokota, na joto linaua kile kinacholainisha. Au wanatumia mtama, ambao chipukizi zake hutengeneza sianidi; kwa mtoto tumia ulezi. Nyumba ambayo bibi amekuwa akitengeneza kimea cha pombe miaka yote haihitaji kufundishwa kitu kipya, inahitaji kijiko kimoja kitolewe kwenye chungu kimoja kiende kwenye kingine.

Niseme kidogo kuhusu unga wa lishe, ule wa mahindi, mchele, ulezi, ngano, soya na karanga vilivyosagwa pamoja, kwa vile umekuwa ndio jibu la kila mtu. Nafaka nne katika unga mmoja hazimpi mtoto zaidi ya nafaka moja na maharage. Soya ikisagwa mbichi ina vizuizi vinavyokwamisha usagaji wa protini, na inahitaji moto wa muda mrefu kuliko mahindi. Karanga zikikaa ndani ya unga zinachacha, na zikiwa na ukungu zinaingiza sumukuvu ndani ya mfuko wote. Afadhali unga wa nafaka ukae peke yake, karanga zichambuliwe na kusagwa kidogokidogo za wiki moja. Ila unga ule una fadhila moja ambayo wakosoaji wake, nami nikiwamo, huisahau: mfuko wake ni wa mtoto. Ukiwa juu ya kabati unamkumbusha mlezi. Fadhila hiyo ni ya mfuko, na inaweza kupatikana bila soya mbichi.

Je, zoea jipya linachukua muda gani kushika? Utasikia siku 21. Namba hiyo ilitokana na kitabu cha 1960 cha daktari wa upasuaji wa sura, Maxwell Maltz, aliyeandika kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Hakuwa akipima mazoea. Kipimo kinachotajwa zaidi ni cha Phillippa Lally na wenzake wa University College London. Watu 96 walichagua tendo moja dogo, kama kula tunda wakati wa chakula cha mchana, wakalifuatilia kwa wiki 12. Wastani wa kufikia kilele cha kutenda bila kufikiri ulikuwa siku 66, lakini kati ya mtu na mtu makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Matendo mepesi yalishika haraka kuliko mazoezi ya mwili, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Sasa linganisha na ratiba yetu. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji huja kila baada ya miezi mitatu. Mlezi akianza jambo jipya leo, mtu wa kumsaidia atarudi baada ya siku 90, wakati zoea limekwishashika au, mara nyingi zaidi, limekwishakufa wiki ya pili, alipokosa karanga na hakuwapo wa kumwambia aweke yai. Kama mhudumu ana safari nne kwa nyumba moja, azitumie wiki ya kwanza, ya pili, ya nne na ya nane. Safari nne zilezile zikitawanywa mwaka mzima hazina faida ya namna hiyo.

Namna ya kulipandikiza zoea nayo ina ufundi wake. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha kwamba mtu anayepanga kwa mtindo wa "likitokea hili, nitafanya lile" hutekeleza zaidi kuliko anayesema tu "nitajitahidi". Mapitio aliyoyafanya na Paschal Sheeran mwaka 2006, ya majaribio 94, yalithibitisha hivyo. Lakini mpango huo una masharti. Ishara lazima iwe kitu kinachotokea kila siku bila kukosa na kinachoonekana: "kuku wakishafunguliwa," "watoto wa shule wakirudi kula mchana," "nikishaepua chungu cha maharage." "Mchana" peke yake si ishara, maana hakuna kinachotokea mchana. Tendo lazima liwe moja na dogo: kuchota kijiko kimoja cha karanga, au kuponda maharage vijiko viwili kabla ya kuunga chumvi na kumwekea mtoto kando. Anayepewa mambo matano kwa mkupuo hulibeba moja, kwa kawaida lile rahisi lisilo na maana. Na mpango usemwe na mlezi mwenyewe kwa mdomo wake, kwa sababu yeye ndiye anayejua kuku wanafunguliwa saa ngapi. Mhudumu anayeleta mpango ulioandikwa wilayani anapanda mbegu kwenye lami.

Chombo nacho kifikiriwe. Mtoto anayekula kwenye sahani ya pamoja hapimiki: hakuna ajuaye alikula vijiko viwili au ishirini. Akiwa na bakuli lake, lenye alama ya nusu kikombe na ya kikombe kizima, mlezi anaona. Miongozo ya ulishaji inataja vijiko viwili vitatu kwa kuanzia, kupanda hadi nusu ya kikombe cha mililita 250 kwenye miezi 9 hadi 11, na robo tatu hadi kikombe kizima kuanzia mwaka. Alama ya msumari wa moto kwenye plastiki inatosha. Bakuli likiwa limekaa mahali panapoonekana, karibu na mafiga, lenyewe ni ishara. Shilingi 1,000 za halmashauri hazimlishi mtoto kwa muda wa maana, lakini hazipungui sana kwenye bei ya bakuli dogo.

Zipo hoja dhidi ya haya yote, na mbili ni nzito. Ya kwanza inasema hili ni suala la mzigo wa kazi wa mwanamke, na kuliita mazoea ni kumtupia lawama mtu asiye na muda. Naikubali zaidi ya nusu. Mazoea hujengwa na ratiba, na ratiba ya msimu wa palizi imejengwa na jembe. Ndiyo maana ninachopendekeza hakimwongezei mama saa ya semina wala sufuria ya pili. Kijiko cha karanga ni sekunde kumi. Hata hivyo kuna mahali ambapo hakuna ujanja wa ishara utakaotosha, kama kwa wachuma chai wa Mufindi walio mashambani tangu asubuhi. Hapo jibu ni kituo cha kulelea watoto karibu na kazi, penye mpishi mmoja, na mazoea ya mpishi mmoja yakinyooka watoto thelathini wamekula.

Hoja ya pili inasema udumavu huanzia tumboni, kwa mama mwenye upungufu wa damu, na huendelezwa na maambukizi na sumukuvu, kwa hiyo ulishaji ni sehemu ndogo. Hilo ni kweli pia, na jaribio la SHINE lililofanyika vijijini Zimbabwe linatupa ukubwa wa sehemu hiyo. Matokeo yake, yaliyochapishwa 2019, yalionyesha kwamba nyumba zilizopata ushauri wa ulishaji pamoja na gramu 20 za kirutubisho kwa siku zilishusha udumavu kutoka asilimia 35 hadi 27. Vyoo na maji ya kunawa havikubadilisha urefu. Pointi nane si muujiza. Lakini tazama jinsi zilivyopatikana: wahudumu wa kijiji walirudi nyumbani mara kwa mara, na kulikuwa na kitu mkononi cha kutia kwenye chakula kila siku. Kwa mkoa wenye asilimia 56.9, pointi nane zingekuwa habari kubwa.

Hoja ya tatu ni dhaifu, ila ndiyo inayosikika zaidi vijiweni: watu wa huku ni wafupi kwa asili, vipimo ni vya Wazungu. Viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya 2006 vilitokana na kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, waliolelewa katika hali nzuri na kunyonyeshwa ipasavyo. Katika miaka mitano ya mwanzo watoto hao walikua kwa mwendo unaokaribiana sana. Mtoto wa Accra hakuwa nyuma ya yule wa Oslo. Na tungekuwa tunapima asili, ingekuwaje Iringa ipande karibu pointi kumi ndani ya miaka minne? Damu ya kabila haibadiliki kwa kasi hiyo. Jamaa yake hoja hii ni ile ya faini na sheria ndogo kwa wazazi wa watoto waliodumaa. Faini inamfundisha mzazi kuikwepa mizani. Sioni la kuongeza.

Kuna jambo moja zaidi ambalo miradi hujifunza ikiwa imechelewa. Zoea la zamani halifutiki, linafunikwa. Mazingira yake yakirudi, nalo linarudi. Anayetaka kupunguza ulanzi na bado anapita njia ya kilabuni kila jioni akitoka shamba, anapambana na ishara ileile kila siku, na siku atakayochoka ndiyo atakayoingia. Abadilishe njia kwanza. Katika ulishaji, mazingira ya zamani hurudi na mvua ya Novemba. Zoea lililojengwa Julai, baada ya mavuno, mama akiwa nyumbani na ghala limejaa, litavunjika kwenye palizi ya kwanza kama halikuandaliwa. Na kazi ya maandalizi haiwezi kusubiri Desemba: kimea hakikauki kwenye mawingu, kinaota ukungu. Ulezi uchipuzwe na kuanikwa Septemba au Oktoba, karanga zikaushwe vizuri na kuhifadhiwa na maganda yake, na mpango wa msimu wa shamba upangwe na yule atakayebaki nyumbani.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni fursa. Mazingira yanapovunjika, mazoea mapya hupata nafasi. Mgomo wa siku mbili wa treni za chini ya ardhi London, Februari 2014, uliwalazimisha watu kutafuta njia nyingine za kwenda kazini, na karibu asilimia tano hawakurudi tena kwenye njia zao za zamani. Walizipita kila siku bila kujua kulikuwa na nafuu. Katika maisha ya mtoto, mvunjiko huo ni pale anapofikisha miezi sita, siku anapoonja chakula kwa mara ya kwanza. Hakuna zoea la kung'oa, liko la kupanda tu. Bahati mbaya ratiba iliyozoeleka ya chanjo ina pengo hapohapo: baada ya wiki ya 14, sindano inayofuata ni ya miezi tisa. Katikati kuna mizani ya kila mwezi na matone ya vitamini A ya miezi sita, ambayo familia iliyo mbali na zahanati huyaruka kirahisi. Mama anapoonekana tena miezi tisa, uji mwepesi umeshakuwa desturi ya nyumba kwa siku 90.

Kwa halmashauri za Iringa na Njombe, maana yake ni mabadiliko katika vitu vitatu vinavyohesabiwa. Badala ya idadi ya waliohudhuria mada, taarifa ya robo mwaka ionyeshe ni watoto wangapi waliofikisha miezi sita walitembelewa nyumbani ndani ya wiki ile, na ni nani aliyekutwa akiwalisha. Ionyeshe jana mtoto alikula mara ngapi, na uji ulisimama kwenye kijiko au ulimiminika. Na fedha za ziara zihamishwe zikae Septemba hadi Desemba, hata kama bajeti yenyewe huwa inachelewa kushuka, maana watoto waliozaliwa Mei na Juni wanaanza kula wakati majembe yanatoka, na hao ndio wanaoachiwa chupa ya chai.